Anayelea Mtoto wa Mwenziwe Asiachwe Peke Yake

Wahenga wetu walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Usemi huu tunaurudia harusini, katika mikutano ya wazazi na katika hotuba za viongozi, lakini ni mara chache tunaupima kwa matendo yetu. Kama kweli tunauamini, imekuwaje basi kwamba mtu anapomchukua mtoto asiyemzaa, akamtia nyumbani mwake, akamlisha na kumvika, sisi wengine humsifu siku ya kwanza, na kuanzia siku ya pili tukamwachia mzigo ule aubebe kwa mkono wake mmoja?

Hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumza leo. Wema wa kumpokea mtoto asiye na pa kulala haujatoweka nchini mwetu, wala hatuna haja ya kuuhubiri upya. Linalohitaji kuzungumzwa ni msaada anaostahili kupewa yule aliyempokea, na namna naye anavyopasa kuupokea. Tunasema waziwazi kwamba malezi mengi ya mtoto wa mwenzio huvunjika katika nyumba zenye upendo. Huvunjika kwa sababu mlezi alikuwa na upendo lakini hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Na yanapovunjika, anayelipa ni mtoto, ambaye huachwa kwa mara ya pili.

DESTURI NA MZIGO WAKE

Kumlea mtoto wa ndugu ni desturi ya tangu na tangu. Huku kwetu pwani mtoto alipelekwa kwa bibi yake ili amfae uzeeni, au kwa mjomba aliyekaa karibu na chuo ili asome Kurani. Bara nako, watoto wa marehemu walipata walezi tangu siku ya kumaliza matanga, huyu kwa shangazi, yule kwa baba mdogo. Mwalimu Julius Nyerere alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962 alianzia hapo hapo, kwenye jamaa, maana neno lenyewe limetoka humo.

Nasi tuliopitia vyuoni kabla ya kuingia shule za Serikali tulifundishwa mapema kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alizaliwa baba yake amekwisha kufariki, akafiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka sita, akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, na babu naye alipofariki baada ya miaka miwili akachukuliwa na ami yake Abu Talib. Aghalabu tunaisoma historia hiyo kwa ajili ya fadhila za kumlea yatima. Lakini ina funzo jingine. Yatima yule hakulelewa na mtu mmoja. Alikuwako Halima aliyemnyonyesha, akawako babu, akawako ami, na nyumbani kwa ami akawako Fatima binti Asad aliyemtunza kama mwanawe. Mkono mmoja ulipoondoka, mwingine ulikuwa tayari.

Desturi hiyo ilikuja kujaribiwa vikali. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka 20 iliyofuata, kabla ya Serikali kuanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, akina bibi wengi waliwazika watoto wao na kubaki na wajukuu wengi katika nyumba moja. Desturi iliyowekwa kwa ajili ya msiba wa nyumba moja moja ilitwishwa msiba wa vijiji vizima. Haikuanguka, na kwa hilo akina bibi wale wanastahili heshima ya taifa. Lakini wengi wao waliubeba mzigo ule peke yao, na jamii ikauita uvumilivu wao kuwa ni kawaida.

Siku hizi mambo yamezidi kuwa magumu. Jamaa wametawanyika mijini. Familia inapanga vyumba viwili. Kodi, maji na mkaa vyote ni fedha taslimu. Ndugu ambao zamani wangekaa ua mmoja na mlezi, sasa wanaonana naye msibani tu. Mtoto bado hupata mtu wa kumchukua, lakini ile mikono mingine imekwenda mbali.

SHERIA INASEMAJE

Nchi yetu haikulala katika jambo hili. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, na Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011. Kwa upande wa Bara, sheria inamtambua mlezi wa kambo kuwa ni mtu asiye mzazi wa mtoto lakini yuko tayari kubeba jukumu la kumtunza. Malezi hayo husimamiwa na afisa ustawi wa jamii, nayo si sawa na kuasili. Kuasili hutolewa kwa amri ya Mahakama Kuu, na humfanya mtoto awe wa familia mpya moja kwa moja. Malezi ya kambo ni ya kukabidhiwa: mtoto anatunzwa, anapendwa, anasomeshwa, na huku mlango wa kwao haufungwi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unazungumza hayo hayo. Ibara yake ya 20 inasema kuhusu mtoto aliyekosa familia, na inayataja kwa majina malezi ya kambo, kafala ya sheria ya Kiislamu, na kuasili. Mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha miongozo juu ya malezi mbadala ya watoto. Kwa ufupi inasema: kwanza familia isaidiwe ili isimpoteze mtoto wake, ikishindikana, mtoto apate malezi yanayomfaa yeye, na kwa watoto wadogo hasa malezi hayo yawe ndani ya familia.

Hapa tuseme neno moja juu ya jina. Neno "kambo" halina sifa njema masikioni mwa Waswahili. Katika ngano tulizosimuliwa utotoni, mama wa kambo ndiye anyimaye chakula, ndiye atumaye mtoto kisimani usiku. Afisa anapomwambia mwananchi aingie katika "malezi ya kambo", mwananchi anasikia tusi kabla hajasikia wito. Hatudai kubadilisha lugha ya sheria, lakini viongozi wanaoizungumza mitaani waieleze kwa neno ambalo kila mtu analiheshimu, yaani amana. Mtoto huyu ni amana. Na mwenye kuweka amana kwa mwenziwe hana ruhusa ya kuisahau.

USHAHIDI KUTOKA NCHI NYINGINE

Huenda msomaji akauliza: kuna ubaya gani mtoto akipelekwa katika makao ya watoto, kwenye vitanda, walimu na chakula cha wafadhili? Ushahidi uliochunguzwa kwa makini kuliko mwingine unatoka mbali, katika nchi ya Romania. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 ili watu waongezeke, na umaskini ukawafanya wazazi wengi wawapeleke watoto katika makao ya serikali. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1989, watoto zaidi ya 100,000 walikuwa ndani ya makao hayo.

Kuanzia mwaka 2000, wanasayansi Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto wadogo 136 kutoka makao sita ya mji wa Bucharest. Nusu yao walipelekwa kwa walezi katika familia. Nusu waliendelea na malezi yale waliyokuwa nayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopata familia waliwazidi wenzao kwa akili, na waliofaidi zaidi ni wale waliotolewa makaoni kabla ya kutimiza miaka miwili.

Wengi huishia hapo katika kulisimulia jambo hili, wakasahau upande wa pili. Walezi wale wa Bucharest hawakukabidhiwa watoto wakaachwa. Walifundishwa, walilipwa posho, na maafisa ustawi waliwatembelea mara kwa mara, wakasikiliza matatizo yao na kuwapa ushauri. Kilichopimwa pale kilikuwa familia pamoja na msaada wake. Mwenye kuichukua familia akauacha msaada, asitarajie matokeo yale yale.

Karibu zaidi na sisi wako majirani zetu wa Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, familia nyingi za nchi ile zilipokea watoto wasio wao. Mwaka 2012 serikali yao ikaamua kuyafunga hatua kwa hatua makao zaidi ya 30 yaliyokuwa na watoto zaidi ya 3,000, na kuwarudisha watoto katika familia. Wananchi wanaojitolea kulea hupewa mafunzo na kuitwa Malayika Murinzi, yaani malaika mlinzi. Tazameni jinsi jina lenyewe lilivyo msaada. Kenya nayo ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, pamoja na mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuyageuza malezi kutoka makaoni kwenda katika familia.

ANACHOKUJA NACHO MTOTO

Ili tuelewe ni msaada gani unaohitajika, hatuna budi kuelewa kwanza mtoto anaingia nyumbani na nini. Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja wa Makorora, mjane mwenye watoto wawili na biashara ya vitumbua, anampokea mvulana wa miaka tisa. Mama yake mvulana amefariki, baba hajulikani aliko, na bibi aliyekuwa naye ameshindwa kwa maradhi. Majirani wanamjia mama huyu na pongezi. Mmoja analeta sukari, mwingine analeta kanzu ndogo. Wiki ya kwanza inapita kwa furaha.

Wiki ya tatu mtoto anakojoa kitandani kila usiku. Wiki ya tano mama anakuta vipande vya mkate vimefichwa chini ya godoro, vimeota ukungu. Mwezi wa pili mwalimu anaita: mtoto amempiga mwenzake. Akiulizwa, hajibu. Akikumbatiwa, anakuwa mgumu kama gogo. Watoto wa nyumbani wanalalamika kwamba mama hana wakati nao. Wale majirani wa sukari na kanzu sasa wananong'ona, "Si tulisema? Fadhila za punda ni mateke."

Hapo ndipo mama anaposimama njia panda. Kama hakuna mtu wa kumwambia kwamba mtoto aliyepata kulala na njaa huficha mkate hata penye chakula tele, ataona ana mwizi ndani ya nyumba. Kama hakuna wa kumwambia kwamba kukojoa kitandani baada ya misiba ni jambo la kawaida, atamwona mtoto ni mvivu. Kama hakuna wa kumwambia kwamba mtoto aliyekwisha kupoteza wawili huogopa kumpenda wa tatu, ataona wema wake umetupwa jaani. Ataendelea mwezi wa tatu na wa nne, kisha siku moja atafunga nguo za mtoto katika mfuko na kwenda ofisi ya kata kusema, "Mchukueni, mimi nimeshindwa."

Hatuna haki ya kumlaumu. Lakini tumtazame mtoto anayesimama pale ofisini na mfuko wake. Yeye hajui habari za bajeti wala upungufu wa maafisa. Analolijua ni kwamba amekataliwa tena, na nyumba ijayo ataingia akiwa amejifunga zaidi. Wanaohamishwa hivyo nyumba hadi nyumba, wengine tunawakuta stendi na sokoni, nasi tunawaita watoto wa mitaani kana kwamba mitaa imewazaa.

Lugha yetu nayo ina usemi mwingine: yatima hadeki. Usemi huo unaeleza ukali wa dunia, lakini kuna watu wanaufanya sheria ya nyumbani. Tunaupinga kwa nguvu zote. Mtoto asiyepata kudeka hajui kwamba ana kwao. Siku mtoto wa kulea atakaponuna kwa kunyimwa andazi la pili, mlezi na ashukuru, maana mtoto huyo ameanza kuamini kwamba hatafukuzwa.

MSAADA ULIO MSAADA

Msaada mzuri, basi, ni upi? Sisi tunaona mambo sita.

Kwanza, ni habari za kweli kabla mtoto hajafika. Mlezi aelezwe mtoto ametoka wapi, amepitia nini, anaumwa nini, anapenda nini, na nani katika ukoo wake yu hai. Kumkabidhi mtu mtoto huku ukimficha maradhi au misiba yake ili asikatae ni kumdanganya mlezi na kumdhulumu mtoto.

Pili, ni kutembelewa kwa ratiba. Ziara moja ya mwaka, yenye gari na haraka, si ziara. Afisa aje mara nyingi katika miezi ya kwanza, akae, asikilize, na azungumze na mtoto peke yake. Tunajua kwamba kata nyingi hazina afisa ustawi wa jamii wake mwenyewe, na kwamba afisa mmoja hubeba kesi za ndoa, matunzo, wazee na watoto kwa pamoja. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya pale Kijitonyama, Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Haiwezekani nusu karne baadaye tuendelee kuiona kazi ya wataalamu hawa kuwa ni ya ziada katika bajeti za halmashauri.

Tatu, ni msaada wa mali, bila haya. Ada za shule za msingi ziliondolewa mwaka 2002, za kidato cha kwanza hadi cha nne zikaondolewa mwaka 2016, na za kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Hizo ni hatua kubwa. Lakini sare, viatu, madaftari, nauli na chakula cha mchana havikuondolewa. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ulioanza mwaka 2012, unaziangalia kaya maskini. Basi viongozi wa mitaa na vijiji wahakikishe kwamba kaya inayolea mtoto wa mwingine haisahauliki inapotambuliwa mitaani, kwa kisingizio kwamba "yule si mtoto wake".

Nne, ni kupumzishwa. Hapa ndipo jirani asiye na fedha anapoweza kutoa zaidi ya tajiri. Mchukue mtoto Jumamosi akacheze na wanao. Mpikie mlezi chakula cha jioni siku anapouguza. Mfuatane naye hospitali ili asisubiri peke yake. Saa tatu za kupumua huweza kuokoa malezi ya miaka mitatu.

Tano, ni kuwakutanisha walezi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maneno ya mlezi mwenzio aliyeona mkate chini ya godoro, akavumilia, na sasa mtoto yuko kidato cha pili, yana uzito ambao semina hazina. Akina mama wa nchi hii wanajua kuunda vikundi vya kuweka na kukopa. Kuwaita walezi kumi wa kata moja wakae pamoja mara moja kwa mwezi hakuhitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Sita, ni heshima shuleni, madrasa na mtaani. Mwalimu asimwite mtoto mbele ya darasa kama "yule yatima". Mtoaji sadaka asimpange mtoto mstari wa mbele apigwe picha na ndoo ya mafuta. Kila mfungo wa Ramadhani na kila Krismasi watoto hawa hupata wageni wengi wenye kamera. Katikati ya mwaka viatu vinapopasuka, hawapati mtu. Sadaka inayomwacha mpokeaji uchi wa heshima imekwisha kujilipa yenyewe.

KUPOKEA NAKO NI WAJIBU

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao watu hawapendi kuuzungumza. Msaada hata uwe mzuri namna gani, haufai kitu ukigonga mlango uliofungwa.

Walezi wetu wengi wana fahari. Wanaona kuomba msaada ni kukiri kwamba walijitwika wasichokiweza, au kwamba hawampendi mtoto. Huficha mpaka siku mambo yanapoharibika. Tunawaambia: mlezi anayesema mapema "hapa nimekwama" ndiye mlezi hodari. Aseme mwezi wa pili, asingoje mwezi wa sita.

Kupokea vizuri pia ni kuvumilia kuangaliwa. Afisa anapouliza mtoto analala wapi na anakula na nani, hamtukani mwenye nyumba. Utafiti wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kijinsia wa namna fulani kabla ya kutimiza miaka 18. Mbele ya ukweli huo, mlezi mwema hawezi kuona uchungu mlango wake unapobishwa. Anayechukia kukaguliwa ndiye wa kukaguliwa zaidi. Wako watu wanaochukua mtoto wa ndugu kijijini kwa jina la kumlea, kumbe wanatafuta mtumishi asiye na mshahara: wao wanakwenda shule, yeye anakwenda bombani, wao wanakula mezani, yeye anakula ukoko jikoni. Hayo si malezi, ni unyonyaji, na jamii inayoyanyamazia inashiriki.

Tena, kupokea vizuri ni kuwapokea watu wa mtoto. Kurani, katika Sura ya Ahzab, inaamuru watoto waliolelewa waitwe kwa jina la baba zao. Hekima yake ni kubwa: pendo la mlezi halihitaji kufuta nasaba ya mtoto. Sheria yetu nayo inatambua haki ya mtoto kuwa na jina na kuwajua wazazi wake. Kwa hiyo bibi mgonjwa akija kumwona mjukuu, asiachwe barazani kama mgeni wa kodi. Na ikitokea kwamba mzazi amesimama tena, mtoto akarudishwa kwao, mlezi naye anahitaji kufarijiwa. Amepoteza mtu. Watu husema, "Si hakuwa wako?" Neno hilo ni la kikatili, na halifai kutamkwa.

Mtoto mwenyewe pia ni mpokeaji, na anayo sauti. Aulizwe. Aelezwe kwa nini yuko hapa na kwa muda gani, kadiri ya umri wake. Ajue kwamba ipo simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, isiyotozwa malipo, na kwamba kuipiga si utovu wa adabu. Wala asidaiwe shukrani kila asubuhi. Mtoto wa kuzaa halipi deni la kulishwa. Kwa nini huyu alipe?

WAJIBU WETU

Katika mfumo wa chama kimoja, kabla ya mwaka 1992, balozi wa nyumba kumi alijua nani kalala na njaa na nani kapokea mgeni. Mfumo ule ulikuwa na mapungufu yake, lakini jicho lile la karibu lilikuwa na faida. Mabalozi wa mashina wa Chama bado wako, na wenyeviti wa mitaa na vitongoji wako, wa vyama mbalimbali. Katika jambo la mtoto hakuna itikadi. Kila mwenyekiti wa mtaa katika mkoa wetu wa Tanga, kutoka Lushoto hadi Pangani, anaweza kuandika katika daftari lake nyumba zinazolea watoto wasio wao, na akajiwekea sharti la kuzipitia kila mwezi kwa swali moja tu: mmekwama wapi?

Halmashauri ziajiri maafisa ustawi wa jamii na kuwapa nauli ya kufika wanakotumwa. Misikiti na makanisa, ambako sadaka hukusanywa kila wiki, zitenge fungu la kudumu la walezi, dogo lakini la kila mwezi, badala ya kusubiri siku ya sherehe. Walimu wawaite walezi kwa habari njema pia, si kwa makosa tu. Madiwani waulize katika vikao vyao ni watoto wangapi wa kata zao walio mikononi mwa walezi, na walitembelewa lini mara ya mwisho. Diwani asiyejua jibu la swali hilo hajui kata yake.

Na sisi wananchi tuliobaki, tusio na ofisi wala muhuri, tuna kazi iliyo nyepesi kuliko zote, na ambayo haifanywi. Kila mmoja wetu anamjua mlezi mmoja. Pengine ni mama wa vitumbua, pengine ni bibi, pengine ni kaka aliyeacha masomo ili wadogo zake wasitawanyike. Tulikwenda kumpongeza siku ile ya kwanza. Sasa ni mwezi wa tano, na hakuna aliyerudi. Wakati wa kurudi ni huu, wakati mfuko wa nguo bado umetundikwa msumarini na haujafungwa.